Matabaka Yanapogoma: Dalili, Vyanzo na Tiba katika Uchoraji wa Kidijitali kwenye Kishikwambi

Mchoraji anayefanya kazi kwenye kishikwambi hukutana na matatizo ya aina mbili: yale ya mkono, ambayo dawa yake ni mazoezi, na yale ya matabaka, ambayo mazoezi hayayagusi kabisa. Brashi inapogoma kutoa rangi, kivuli kinapogeuka masizi, au rangi inapovuja nje ya mstari, wengi huanza kwa kubadilisha brashi, kisha huzima kifaa na kukiwasha upya, na mwishowe hutupia lawama kalamu. Mara nyingi chanzo kiko kwenye paneli ya matabaka, yaani leya, zilizo kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kinaonekana kwa macho kabla ya kubadilisha chochote.

Mwongozo huu unafuata dalili kwanza, kisha vyanzo vyake. Programu zinazotajwa ni Procreate ya iPad, ibisPaint X inayopatikana kwenye Android na iPad, na Krita, ambayo ni ya bure na ina toleo la Android. Hata hivyo misingi ni ileile karibu kila mahali. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa kuwa msomaji atayatafuta huko. Mfano utakaorudi mara kwa mara ni picha ya mwanamke aliyejifunga kanga, ambamo rasimu, mistari, rangi za msingi, vivuli, mng'ao na maua ya kanga vimewekwa kila kimoja kwenye tabaka lake.

Brashi haitoi rangi kabisa

Unapitisha kalamu na huoni alama yoyote, wala programu haikuonyi. Anza na jaribio moja linaloligawa tatizo katikati. Ongeza tabaka jipya, liburute hadi juu kabisa ya orodha, nje ya folda yoyote, hakikisha liko kwenye modi ya kawaida (modi ni namna rangi za tabaka zinavyochanganyika na zilizo chini yake) na uonekano wa asilimia 100, kisha piga mstari mwekundu kwa brashi ngumu. Mstari ukionekana, brashi na kalamu ni nzima, na kosa limo kwenye tabaka ulilokuwa ukichorea. Usipoonekana, usihangaike na tabaka hilo, kwa sababu kinachozuia rangi kinaathiri kanvasi nzima, yaani eneo lote la kuchorea.

Katika hali hiyo ya pili, mshukiwa wa kwanza ni eneo lililoteuliwa na kusahaulika. Zana ya uteuzi huruhusu rangi kukaa ndani ya mipaka yake tu, na uteuzi mdogo uliobaki kwenye kona ya kanvasi, pengine baada ya kukata kipande cha picha, unatosha kuifanya sehemu nyingine yote isipokee kitu. Punguza ukuzaji hadi uone kanvasi nzima, kisha ondoa uteuzi. Mshukiwa wa pili ni brashi yenyewe, ambayo kitelezi chake cha ukubwa au cha ukolevu kimeshushwa hadi chini. Vitelezi vya pembeni mwa skrini huguswa na kiganja kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani.

Ikiwa jaribio limefaulu, rudi kwenye tabaka la awali na uangalie kama limefichwa au limefungwa kwa kufuli la kawaida. Hayo mawili huonekana upesi, na baadhi ya programu hukutangazia. Yanayochelewesha watu ni mengine.

La kwanza kati ya hayo ni Alpha Lock. Kufuli hili huruhusu rangi kukaa pale tu ambapo tayari pana rangi, kwa hiyo tabaka tupu lililofungwa hivyo halina hata pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, yenye ruhusa ya kupokea chochote. Kwenye Procreate, kufuli hili huwashwa kwa kuburuta vidole viwili kuelekea kulia juu ya tabaka, jambo ambalo hutokea bila kukusudia mtu anaposogeza orodha kwa haraka. Alama yake ni miraba myepesi kama ya ubao wa drafti inayotokea nyuma ya kijipicha cha tabaka. Kwenye Krita, alama ya miraba iko kwenye mstari wa tabaka lenyewe. Kwenye ibisPaint, kitufe kimeandikwa waziwazi ndani ya dirisha la matabaka.

La pili ni tabaka lililobanwa kwenye tabaka tupu. Kazi ya Clipping Mask ni kulifanya tabaka la juu lionekane pale tu ambapo tabaka la chini yake lina rangi. Ukilibana tabaka la kivuli juu ya tabaka la ngozi ambalo hujaanza kulipaka, utapaka hadi jioni bila kuona kitu, ingawa rangi inawekwa kweli na itajitokeza yote siku utakapopaka ngozi. Mshale mdogo unaoelekea chini, au kijipicha kilichosogezwa kidogo kulia, ndiyo dalili ya kubanwa.

La tatu ni maski. Tabaka lenye maski huwa na vijipicha viwili, na ukigusa kile cha maski, kalamu yako haipaki rangi tena, bali huficha na kufichua. Nyeusi huficha, nyeupe hufichua, na rangi nyingine yoyote huchukuliwa kama kijivu cha kiwango fulani. Anayepaka nyeupe kwenye maski ambayo bado ni nyeupe haoni badiliko lolote. Gusa kijipicha cha tabaka lenyewe, nawe utaendelea na kazi.

Lipo na jambo la nne, ambalo ni rahisi hadi linaaibisha kulitaja: tabaka lingine lisilopitisha kitu limekaa juu ya lile unalochorea. Kijipicha cha tabaka lako kinabadilika kila unapopiga mstari, lakini picha kubwa haibadiliki. Kila uonapo tofauti hiyo kati ya kijipicha na picha, acha kuchunguza brashi na uanze kuficha matabaka ya juu moja baada ya jingine.

Picha ya mchoro wa karatasi imefunika kila kitu

Wachoraji wengi huanza kwa penseli, hupiga picha karatasi, kisha huileta picha hiyo kwenye programu na kushangaa kwamba rangi zilizo chini yake hazionekani. Sababu ni kwamba karatasi imeingia pamoja na mistari: ule weupe ni rangi kamili, na programu haijui kwamba wewe unauona kama utupu.

Tiba ya haraka ni kuliweka tabaka la mchoro juu kabisa na kulipa modi ya Multiply, ambayo huifanya nyeupe isionekane. Lakini karatasi iliyopigwa picha chumbani usiku si nyeupe. Ni kijivu chenye unjano wa taa, na kijivu hicho kitaichafua kila rangi iliyo chini. Kabla ya kubadilisha modi, ongeza mwangaza na utofauti wa picha hadi karatasi iwe nyeupe kweli na mistari ibaki imekoza. Tiba iliyo bora zaidi ni kuondoa weupe kabisa ili mistari ibaki juu ya uwazi. ibisPaint huuliza yenyewe, unapoingiza picha, kama ungependa itoe mistari peke yake, na Krita ina kichujio kiitwacho Color to Alpha kinachofanya kazi hiyo. Faida yake ni kwamba mistari iliyotengwa inaweza baadaye kufungwa kwa Alpha Lock na kupakwa rangi ya kahawia au ya zambarau, jambo lisilowezekana kwa mistari iliyogandamana na karatasi yake.

Rangi inatoka, lakini si ile iliyochaguliwa

Hapa chanzo huwa modi ya kuchanganya rangi, na inafaa kuelewa hesabu iliyo ndani yake badala ya kukariri majina, kwa sababu orodha ya modi ni ndefu na inatofautiana kutoka programu moja hadi nyingine.

Multiply huzidisha thamani ya rangi ya juu kwa thamani ya rangi ya chini, nyeupe ikihesabiwa kuwa 1 na nyeusi kuwa 0. Matokeo hayawezi kamwe kuwa meupe kuliko kilichopo chini. Ndiyo maana anayepaka nyeupe kwenye tabaka la Multiply haoni kitu: kuzidisha kwa 1 hakubadilishi chochote. Screen hufanya kinyume chake, hung'arisha tu, na nyeusi ndiyo inayopotea. Modi ya Add hujumlisha thamani, hivyo rangi mbili za wastani zikikutana hufika nyeupe kamili upesi na kuacha doa lililoungua. Ukiona rangi yako haifanani na ile iliyo kwenye kidude cha rangi, soma jina la modi la tabaka hilo kabla ya jambo lolote, kisha utazame kitelezi cha uonekano wake.

Tatizo lililo kubwa zaidi kwa wanaochora watu wenye ngozi nyeusi ni kivuli kinachogeuka masizi. Mafunzo mengi ya mtandaoni hufundisha kutengeneza tabaka la Multiply, kuchagua kijivu, na kupaka vivuli. Tazama yanayotokea kwa namba, kwa kipimo cha programu ambamo nyeusi ni 0 na nyeupe, ile 1 ya hapo juu, ni 255. Ngozi nyeupe yenye thamani za nyekundu, kijani na buluu za 240, 200 na 180, ikizidishwa kwa kijivu cha 128, hutoa takriban 120, 100 na 90, ambayo ni kivuli kinachosomeka vizuri. Ngozi ya kahawia iliyokoza yenye thamani za 110, 70 na 50, ikizidishwa kwa kijivu hichohicho, hutoa 55, 35 na 25. Hiyo ni karibu nyeusi. Kwenye skrini ya kishikwambi iliyopunguzwa mwanga, shavu na shingo vitaungana kuwa doa moja, na pua haitakuwa na umbo.

Kosa haliko kwenye Multiply, liko kwenye rangi iliyochaguliwa na kwenye mahali pa kuanzia. Badala ya kijivu, chagua zambarau nyepesi, kwa mfano 170, 140 na 190, na kivuli cha ngozi ileile kitakuwa takriban 73, 38 na 37: kimekoza, lakini bado kina wekundu unaoonyesha kwamba chini ya ngozi kuna damu. Pili, anza na rangi ya msingi iliyo juu kidogo kuliko unavyofikiri, ili kivuli kiwe na nafasi ya kushuka. Tatu, na hili ndilo ninalolitilia mkazo zaidi, umbo la uso mweusi halijengwi kwa vivuli peke yake. Linajengwa pia, pengine zaidi, kwa mng'ao: buluu ya anga kwenye paji la uso, chungwa la jua la jioni kwenye kitako cha shavu. Kwa hiyo tabaka la mng'ao, lenye modi ya Screen na uonekano wa wastani, lisiachwe kuwa pambo la mwisho. Lifungue mapema, sambamba na tabaka la vivuli, na uyapake yote mawili kwa kupokezana.

Ukipenda kuhakikisha kama vivuli vyako vinasomeka, weka juu ya matabaka yote tabaka moja lililojazwa kijivu au nyeusi, ulipe modi ya Color, ambayo huacha mwanga wa picha ulivyo na kuchukua rangi ya tabaka hilo peke yake. Picha itageuka kuwa nyeusi na nyeupe papo hapo. Lifiche na kulifichua kadiri unavyofanya kazi, na usisahau kulifuta kabla ya kutoa picha.

Maua ya kanga yanavuja nje ya nguo

Umechora maua kwenye tabaka lililobanwa juu ya nguo, lakini maua yameenea hadi kwenye mkono na hata ukutani. Vyanzo vya kawaida ni viwili. Huenda mpangilio wa orodha umebadilika, kwani tabaka lililobanwa hulitegemea tabaka la msingi lililo chini yake kwenye orodha, si lile unalolikusudia moyoni. Ukichopeka tabaka jipya lisilobanwa katikati ya nguo na maua, maua yataanza kulifuata hilo jipya. Au huenda tabaka la nguo lina uchafu: michirizi ya brashi laini, yenye ukolevu mdogo usioonekana kwa jicho, imetapakaa nje ya mipaka ya nguo, nayo inatosha kuyapa maua kibali cha kuonekana kwa mbali. Ili kuiona, weka chini ya nguo tabaka lililojazwa rangi kali inayopingana nayo, ficha mengine yote, kisha futa kila chenye ukungu nje ya mpaka.

Watumiaji wa Krita wana chanzo cha tatu ambacho ni cha kwao. Kitufe cha Inherit Alpha, chenye alama inayofanana na herufi ya alfa, hufanana na kubana lakini hakitazami tabaka moja la chini. Hutazama mkusanyiko wa matabaka yote yaliyo chini yake ndani ya folda ileile. Kwa kuwa chini kabisa ya picha huwa kuna tabaka jeupe la mandharinyuma lililojaa kanvasi nzima, tabaka la maua huruhusiwa kuonekana kila mahali, na mtu aliyetoka Procreate huamini kwamba kitufe kimeharibika. Weka nguo na maua ndani ya folda yao wenyewe, nguo ikiwa chini, na tatizo litakwisha mara moja.

Lipo pia jambo la maua yanayokaa ndani ya mipaka ya nguo lakini yanaonekana yamebandikwa, kana kwamba kanga haina mikunjo. Kubana hakuwezi kutatua hilo. Tabaka la maua linahitaji kukunjwa kwa zana ya kupinda, kipande kwa kipande kufuata mkunjo, na tabaka la vivuli vya nguo linapaswa kukaa juu ya maua, si chini yake. Vivuli vikiwa chini, ua litang'aa hata ndani ya mkunjo uliozama.

Ndoo ya rangi inafurika au inaacha ukingo mweupe

Ndoo, yaani zana ya kujaza eneo lote rangi kwa mguso mmoja, ikijaza kanvasi nzima badala ya shati moja, ama mstari una mwanya, ama ndoo inatazama tabaka lisilo na mistari. Ukijaza kwenye tabaka tupu la rangi ilhali mistari iko kwenye tabaka lingine, ndoo haina ukuta wa kuizuia. Kwenye Procreate, gusa tabaka la mistari na uchague Reference, kisha urudi kwenye tabaka la rangi na kujaza. Kwenye Krita, mipangilio ya ndoo ina sehemu ya kuchagua kama itazame tabaka hilo peke yake au yote.

Ukingo mweupe kati ya mstari na rangi una maelezo mengine. Kingo za mstari laini si za rangi moja: zina pikseli zenye ukolevu unaopungua taratibu, na ndoo husimama inapozikuta. Kwenye Procreate, unapoburuta rangi na kuidondosha, usiinue kalamu. Isogeze kulia na kushoto ili kuongeza au kupunguza kiwango, hadi hatua moja kabla ya kufurika. Programu nyingine zina mpangilio wa kupanua eneo linalojazwa. Pikseli 1 au 2 hutosha kwa mistari ya kawaida, mradi tabaka la rangi liko chini ya mistari ili upanuzi huo ufichwe nayo. Kwa mistari ya penseli yenye chembechembe, ushauri wangu ni kuachana na ndoo: zungusha umbo kwa zana ya uteuzi, lijaze, na uendelee na mambo yenye maana.

Rangi zimebadilika baada ya kuunganisha matabaka

Hili huwashtua watu kwa sababu huonekana kama kasoro ya programu. Chukua tabaka moja la vivuli vya zambarau, modi ya Multiply, lililofunika ngozi na kanga kwa pamoja. Chini yake kuna tabaka la ngozi, na chini ya ngozi kuna kanga. Ukiliunganisha tabaka la vivuli na la ngozi, ngozi itatoka vizuri, lakini juu ya kanga yatabaki mabaka ya zambarau yasiyopitisha kitu. Sababu ni kwamba katika tabaka la ngozi, sehemu iliyo juu ya kanga ni tupu, Multiply haikupata cha kuzidisha pale, na zambarau ikabaki kama ilivyo, kisha ikachukua modi ya kawaida ya tabaka la ngozi.

Unganisha kuanzia chini kwenda juu: kanga na ngozi kwanza, vivuli baadaye. Kama unataka ngozi na kanga zibaki mbalimbali, rudufu tabaka la vivuli, bana nakala moja kwenye ngozi na nyingine kwenye kanga, kisha uunganishe kila nakala na msingi wake. Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini matabaka mawili yenye modi tofauti, moja Screen na jingine Multiply, yasiunganishwe yenyewe kwa yenyewe kabla ya kukutana na rangi ya msingi.

Folda nazo zina tabia zao. Kwenye Krita, tabaka la Multiply likiingizwa ndani ya folda hufanya kazi na vilivyo ndani ya folda hiyo tu, na vivuli vyake juu ya vitu vya nje huonekana vimebadilika ghafla. Kitufe cha Pass Through kwenye mstari wa folda huruhusu modi kupenya hadi nje.

Programu inakataa kuongeza tabaka, au kishikwambi kinazubaa

Idadi ya matabaka haipangwi na ukarimu wa programu. Inapangwa na ukubwa wa kanvasi na kumbukumbu ya kifaa. Procreate huonyesha idadi ya juu ya matabaka wakati unapounda kanvasi mpya, na utaiona ikishuka kadiri unavyoongeza vipimo. Hesabu yake ni nyepesi: kwa rangi za kawaida za biti 8, kila pikseli huchukua baiti 4. Kanvasi ya A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ina pikseli 2480 kwa 3508, yaani takriban milioni 8.7, hivyo tabaka moja lililojaa huchukua karibu MB 35, na matabaka 20 karibu MB 700. Ukiongeza dpi hadi 600, pikseli huwa mara 4 na tabaka moja hufikia MB 139. Kwa upande mwingine, picha ya mtandaoni yenye pikseli 1080 kwa 1350 huhitaji chini ya MB 6 kwa tabaka. Programu nyingi hubana sehemu tupu, kwa hiyo matumizi halisi huwa chini ya hapo, lakini historia ya kutendua (undo) nayo hula kumbukumbu, na mfumo wa kifaa hauiachii programu kumbukumbu yote.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kazi itaishia wapi. Anayechora kwa ajili ya skrini ya simu hana sababu ya kuanza na A3 ya dpi 300. Anayechora kwa ajili ya kuchapa bango kubwa linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara anaweza kufanya kazi kwa dpi ndogo zaidi kuliko wa kitabu, na amuulize mchapaji kabla ya kuunda faili.

Swali la pili ni kwa nini matabaka yamekuwa mengi. Tabaka linastahili kuwepo kama unatarajia kulibadilisha pasipo kugusa mengine, na kwa kipimo hicho picha ya mwanamke wetu haihitaji matabaka 40. Hereni, bangili na viatu havigusani popote, kwa hiyo rangi zao za msingi zinaweza kukaa kwenye tabaka moja. Rasimu ikishamaliza kazi yake ifutwe. Kabla ya kuunganisha chochote, rudufu faili nzima kwenye ghala la programu na uiwekee tarehe, kisha unganisha kwenye nakala. Kwenye Krita, tumia pia Trim to Image Size, kwani rangi iliyosukumwa nje ya kanvasi huendelea kuhifadhiwa na kuchukua nafasi bila kuonekana.

Picha imepata ukungu baada ya kupunguzwa na kukuzwa

Tabaka la pikseli likipunguzwa hadi robo ya upana wake na robo ya urefu wake hubakiwa na pikseli 1 kati ya kila 16, na kulikuza tena hakurudishi zilizopotea. Rudufu tabaka kabla ya kulibadilisha ukubwa, fanya kukuza, kuzungusha na kusogeza kwa mkupuo mmoja badala ya kuthibitisha kila hatua, na kwenye Krita fikiria Transform Mask, ambayo hubadilisha mwonekano bila kugusa pikseli za asili. Kwenye Procreate, kumbuka vilevile kwamba sehemu iliyotoka nje ya kanvasi hukatwa mara unapothibitisha.

Faili imefunguliwa na matabaka hayapo

Ikiwa ulitoa JPEG, matabaka hayamo na hayawezi kurudi. JPEG haihifadhi hata uwazi, na PNG huhifadhi uwazi lakini picha ni moja tu. Faili yenye matabaka ni ile ya programu yenyewe au PSD, aina ya faili ya Photoshop, programu iliyoleta matabaka kwenye toleo lake la 3.0 mwaka 1994 na ambayo aina hiyo ya faili husomwa na programu karibu zote za uchoraji. Iwapo uliituma kwa WhatsApp kama picha, huko ilibanwa na kugeuzwa. Itume kama hati. Na iwapo bado uko ndani ya programu na umeunganisha kwa bahati mbaya, tendua sasa hivi, kabla ya kurudi kwenye ghala, kwa kuwa Procreate husahau historia ya kutendua unapofunga picha.

PSD nayo si kioo. Modi zisizofanana majina kati ya programu mbili zinaweza kubadilishwa kuwa za kawaida, na maski au kubana kunaweza kusomwa tofauti. Anayebuni kanga kamili, yenye pindo, mji na jina, atakuta sehemu iliyo dhaifu zaidi ni jina: maandishi hubaki maandishi tu kama kifaa kinachofungua faili kina fonti ileile, vinginevyo hubadilishwa umbo au kugandishwa kuwa pikseli. Kabla ya kukabidhi faili kwa mchapaji, rudufu tabaka la jina, ligeuze nakala kuwa pikseli, uifiche ile ya maandishi bila kuifuta, kisha uambatanishe PNG ya picha nzima ili alinganishe anachokiona na ulichokusudia.